Dakika Hamsini Kutoka Mbeya Hadi Iringa

Kuna ukurasa kwenye mtandao, na bila shaka zipo nyingi za aina yake, ambao ukiuandikia majina ya miji miwili unakuletea ramani yenye mstari uliopinda, na juu ya mstari huo kindege kidogo cheupe. Chini ya ramani unaandikiwa umbali wa angani na muda wa safari kwa ndege. Mbeya hadi Iringa: kilomita mia mbili sabini na kitu, dakika hamsini. Basi. Hausemi ni ndege ipi, inaruka siku gani wala inatua wapi. Kindege kimechorwa, kimetulia pale juu ya mstari, na mdogo wangu wa kiume, mtu mzima mwenye mke na duka la simu Iringa mjini, alikitazama akaamini kwamba mimi dada yake nimo ndani.

Ninaandika nikiwa bado na hasira. Wifi yangu, mke wa huyo mdogo wangu, alinishauri nisubiri nipoe kwanza. Nikamwambia kazi yangu mimi ni kupoza vitu, na ninajua kinachokipata kitu kilichopozwa: kinadumu, lakini ladha inapungua.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa kwanza wa mama yangu, mzaliwa wa Kilolo, na hakuna mtu aliyenibeba kufika nilipo. Baada ya kidato cha nne, kwa matokeo ambayo hayakumfurahisha yeyote, nilikwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Wenzangu jioni walilala au walizungumza na wachumba wao kwenye simu. Mimi, siku fundi alipokuja kutengeneza viyoyozi vya nyumba ile, nilimshikia ngazi na kumuuliza maswali mpaka akachoka. Aliporudi baada ya miezi kadhaa nilimwambia ubovu uko wapi kabla hajafungua kifuniko. Mshahara wangu sikuula. Nilijipeleka mwenyewe India, mji wa Pune, nikasoma diploma ya mitambo ya ubaridi, Mwafrika wa kike peke yangu darasani, na nikawapita kwa alama wavulana waliokuwa wakinicheka nikishika bisibisi. Leo ukisikia parachichi la Rungwe limefika mbali likiwa zima, kuna uwezekano mkubwa lililala kwenye chumba cha baridi nilichokifunga mimi. Diploma yangu iko kwenye fremu, ukutani, mkabala na mlango wa ofisi, na anayeingia lazima aione. Sisemi haya kutafuta sifa. Sifa ninazo. Ninasema ili ieleweke kwamba aliyekosea hesabu ya umbali katika habari hii si mimi.

Maana ndege ninazijua. Mtu aliyezipanda kweli anajua kwamba ndege hairuki kutoka sebuleni kwako ikashuka jikoni kwa mama yako. Ukiuandikia ukurasa ule Pune na Mbeya, utakuambia ni masaa yasiyofika kumi. Mimi safari ile niliifanya. Basi kutoka Pune hadi Mumbai, foleni ya mizigo, ndege ya kwanza, kukaa kwenye viti vya chuma katika nchi ambayo hata sina viza ya kutoka mlangoni, ndege ya pili, Dar es Salaam na joto lake, kulala, ndege ya tatu, na nilipokanyaga ardhi ya Songwe viatu havikuwa vinanienea kwa jinsi miguu ilivyovimba, na bado basi la kurudi hadi Kilolo lilinisubiri, maana ndege ya Iringa haikuwepo. Siku mbili. Muda wa ndege kuwa angani ni kipande kidogo tu cha safari, na ndicho kipande pekee ambacho ukurasa ule unakijua.

Safari hiyo niliifanya kwa sababu ya baba. Aliugua tumbo ghafla, akapelekwa hospitali, akaingizwa chumba cha upasuaji peke yake. Mama alikuwa ameenda kutafuta maji ya kunywa. Mdogo wangu wakati huo alikuwa shule ya bweni. Mimi nilikuwa Pune. Mama aliporudi na chupa ya maji akakuta kitanda kitupu, na baba hakutoka mle ndani akiwa hai. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshazikwa, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza mbona umechelewa. Walinipokea, wakaninawisha mikono, wakasema pole mwanetu, umetoka mbali. Mbali ilikuwa mbali, na watu waliiheshimu.

Tangu hapo mama aliweka sharti. Koo za kwetu zina miiko yake, mnyama huyu hatumli, kitu fulani hatukigusi, na mama alituongezea wake: mtu wa nyumba hii haingii kwenye kisu mpaka mtoto wa kwanza amshike mkono amfikishe mlangoni. Mjomba alipopasuliwa ngiri, nilikwenda nikamshika mkono. Mdogo wangu alipokatwa kidole tumbo, niliacha kazi Tukuyu nikaenda. Alicheka, akasema dada mbona unanishika kama mtoto wa chekechea, lakini hakuniachia mkono mpaka mlangoni. Kwa hiyo sharti alilijua. Analijua mpaka leo.

Sasa macho ya mama yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi. Nilimwambia aje Mbeya, nina nyumba, nina gari, hospitali zipo. Akakataa. Iringa, alisema, wauguzi wanaongea Kihehe. "Huko kwenu Mbeya mtu ataniambia fumba, mimi nitafumbua." Isitoshe kanisani walikuwa wametangaza kwamba madaktari wa macho watakuja hospitali moja ya Iringa kufanya kambi siku ya Alhamisi, na mama akishasikia jambo kanisani huwezi kumhamisha. Tukapanga. Mdogo wangu amtoe Kilolo Jumatatu, alale kwake. Mimi niondoke Mbeya Jumatano asubuhi kwa gari langu, nifike jioni, na Alhamisi nimshike mkono.

Jumatano asubuhi nilikuwa Mbalizi, upande wa pili kabisa wa Mbeya, nimepitia kwa mteja mara moja kabla ya safari. Mtambo wake wa kupozea maziwa ulikuwa umegoma usiku. Nilikuwa nimeshafungua kompresa, mikono imejaa oili, simu ikaita.

"Dada, kamwene," akasema mdogo wangu, akinisalimu Kihehe.

"Kamwene. Sema."

"Mama yuko hospitali hapa, ameshawekwa kwenye benchi. Njoo basi umshike mkono."

"Leo? Si kesho?"

"Walibadilisha. Madaktari wamewahi, wanafanya leo wanamaliza leo, kesho wanahitajika kwingine. Walitangaza jana jioni."

"Jana jioni. Na wewe unanipigia leo?"

"Sasa dada, ningekusumbua jana ya nini? Dakika hamsini! Nimeangalia mwenyewe. Hapo hata chai unakunywa kwanza."

Nikadhani ananitania. Huyu mtoto tangu zamani ni mtu wa utani. Nikamwambia aache mchezo. Akaniapia kwamba hachezi, ameangalia kwenye simu, Mbeya hadi Iringa kwa ndege ni dakika hamsini, na tena ameshamwambia mama, na mama ameshawaambia wenzake wote kwenye benchi kwamba binti yake anakuja na ndege.

Niliifunika kompresa. Mwenye maziwa akanishika mkono wa shati. "Mama fundi, na maziwa yangu je?"

"Yachemshe uuze chai."

"Lita zote hizi?"

Nilikuwa nimeshawasha gari.

Niseme jambo moja kuhusu jiografia, kwa faida ya watu wa maduka ya simu. Uwanja wa ndege wa Songwe uko upande wa Tunduma. Anayetoka Mbeya mjini kwenda kupanda ndege anaipa Iringa kisogo. Wakati huo uwanja wa Iringa ulikuwa kwenye matengenezo, ndege haitui. Mdogo wangu anakaa mji huohuo, lakini hakunyanyua macho atazame. Alitazama kiganjani.

Basi nikarudi mjini, nikapita, nikaingia Uyole, nikakutana na malori. Anayeijua barabara ya kwenda Zambia hahitaji maelezo, na asiyeijua ajaribu kufikiria ukuta unaotembea. Lori la shaba, lori la mafuta, lori la mbolea, lori lililobeba lori. Kwenye mteremko wa Inyala wote wanashuka kwa breki za injini, polepole kama watu wanaotoka ibadani, na huwezi kumpita yeyote kama unataka kufika ukiwa na mwili wako wote. Nilikaa nyuma ya tangi la mafuta nikisoma maneno HATARI MOTO mpaka nikayachukia.

Simu ikaita. "Dada, umeshapanda?"

"Niko kwenye gari."

"La kukupeleka uwanjani?"

"La kunileta Iringa, wewe! Hakuna ndege. Haipo. Haijawahi kuwepo. Uwanja wenu unatengenezwa, hujui?"

Nikasikia sauti za watu nyuma yake, mtu anaita jina, mlango unafungwa.

"Ila kwenye simu ipo," akasema.

"Mpe mama simu."

"Anawekewa dawa ya kutanua mboni sasa hivi, hawezi."

"Basi mwambie niko barabarani. Mwambie niko kwenye gari na nitafika mchana. Aingie tu, asinisubiri, mimi nimesema, leo sharti nimeliondoa. Umesikia?"

"Nimesikia dada."

"Mwambie hivyohivyo."

"Nitamwambia."

Naomba mkumbuke jibu hilo. Nitamwambia.

Igurusi askari wa barabarani alinisimamisha. Mashine yake ya kupimia mwendo ilikuwa imeninasa kwenye kibao cha hamsini. Alikuwa kijana mwenye adabu, na hilo lilizidi kunichoma.

"Shikamoo mama. Unakimbilia wapi namna hii?"

"Marahaba. Hospitali, Iringa. Mama yangu anapasuliwa."

"Pole sana mama. Lakini Iringa haihami."

"Mdogo wangu anadhani imehama. Anadhani iko nyuma ya Uyole."

Hakuelewa, akaniandikia faini yangu kwa utulivu wote, akanitakia safari njema. Chimala mchele. Igawa ng'ombe, kundi zima la wafugaji wa Usangu likivuka lami bila haraka yoyote, na mchungaji wa mbele akinipungia mkono kwa urafiki, nami nikampungia kwa meno yaliyobanwa. Makambako upepo, na foleni ya malori ya mizani iliyomwagika hadi barabarani. Mafinga mbao. Nilimpigia mdogo wangu mara nyingi, simu inaita haipokelewi. Nikajifariji: labda mama ameingia, labda naye yuko mlangoni anasubiri, simu ameizima. Mimi si mtu wa kulia barabarani, nina kazi za wanaume nimezifanya, lakini pale Ifunda niligundua ninaongea peke yangu kwa sauti, ninamwambia mama aingie.

Nilipopanda kilima kutoka Ipogolo kuingia mjini, jua lilikuwa limeshaanza kulala upande wa Mbeya nilikotoka.

Uani mwa hospitali niliona watu wanapakia masanduku ya vyuma kwenye gari. Nikajua. Hata hivyo nikakimbia. Kwenye korido kulikuwa na benchi refu, wameketi wazee wenye jicho moja limefungwa bandeji nyeupe, wanasubiri ndugu zao wawachukue, wanachekeana kama watu waliotoka harusini. Mama alikuwa mwishoni mwa benchi. Yeye peke yake hakuwa na bandeji. Alikuwa na kipande cha plasta juu ya nyusi ya kulia, alama waliyombandika asubuhi ili daktari asikosee jicho, na kofia ya karatasi ya chumba cha upasuaji bado iko kichwani.

Muuguzi akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Wewe ndiye wa ndege?"

"Mimi ni mtoto wake."

"Mama yako tumembembeleza kuliko bibi harusi. Daktari mwenyewe ametoka mara mbili. Anasema mwanangu akija. Mwanangu akija. Mwisho wamefunga."

"Kwani hakuambiwa aingie?"

"Na nani?"

Bibi mmoja mwenye bandeji akadakia kutoka katikati ya benchi, kwa furaha kabisa, "Tulisema labda ndege imepata pancha!" Wenzake wakacheka. Mama naye akatabasamu, kwa adabu.

Nikapiga magoti mbele yake. "Kamwene, mama."

Akanyoosha mkono, akanipapasa uso, kwa maana kwa dawa ile waliyomtia hakuwa anaona hata kile kidogo alichozoea kuona.

"Kamwene, mwanangu. Umemaliza kazi?"

Sikuelewa. "Kazi gani, mama?"

"Zako. Mdogo wako amesema unamalizia kazi zako kwanza ndipo upande ndege. Nikasema sawa. Mtu mwenye shughuli zake huwezi kumvuta tu." Akanipapasa tena shavu. "Nimewaambia hawa, mwanangu ana kazi nyingi."

Hakusema kwa lawama, na hilo ndilo lililonikata. Lawama ningeijibu. Alisema kama mtu aliyeshapiga hesabu akaikubali: kwamba kutoka kwangu hadi kwake ni dakika hamsini, na mimi, kwa siku nzima, sikuzipata hizo dakika. Kila saa iliyopita pale kwenye benchi, mimi nikiwa nyuma ya matangi ya mafuta natukana, kwake ilikuwa saa nyingine ambayo binti yake amechagua maziwa ya watu. Na bado alikataa kuingia bila mimi.

Mdogo wangu nilimkuta nje karibu na bomba la maji. Aliponiona alirudi hatua.

"Nilikwambia umwambie nini?"

"Dada, ngoja."

"Nilikwambia umwambie nini?"

"Mama alikuwa ameshawatangazia watu wote habari za ndege! Ningesimamaje mbele ya wale bibi niseme nimekosea, hakuna ndege? Wangemcheka mama."

"Wangekucheka wewe."

"Nikasema nitavuta muda kidogo, utakuwa umefika. Sikujua utachukua siku nzima."

"Masaa saba yamekuwa siku nzima leo? Mbona hukupokea simu?"

"Ungenigombeza."

Mtu mzima. Ana mke. Ana duka. Akanyoosha simu yake kunionyesha, kana kwamba kindege kile kingemtetea. "Angalia mwenyewe basi. Si mimi niliyeandika."

Niliichukua. Nikafuta Mbeya na Iringa, nikaandika Makongolosi, machimbo ya dhahabu kule Chunya, na Idodi, kijiji cha kwenye njia ya mbuga ya Ruaha. Mstari ukapinda, kindege kikatokea, dakika zikaandikwa. Nikamuuliza, "Na hii inaruka saa ngapi? Nikukatie tiketi?" Nikamrudishia simu yake mkononi, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Muuguzi alituambia kwamba daktari, kabla ya kuondoka, ameacha neno: jicho la kulia limekomaa, asisubiri kambi nyingine. Kwa hiyo nikaamua, mama anakwenda nami Mbeya kesho yake. Nilimweleza ukweli wote pale pale, mdogo wangu akiwa amesimama kando kama mtu aliyenyeshewa. Nilimweleza kwamba hakuna ndege, kwamba nilitoka mara tu nilipopigiwa, kwamba nilituma ujumbe aingie na ujumbe haukufika. Mama alisikiliza. Halafu akanishika mkono akasema kwa sauti ya chini, "Usimseme mdogo wako namna hiyo kwa ajili yangu. Mimi sijakasirika. Kazi ni kazi."

Hakuniamini. Simu ilisema dakika hamsini, kijana wake alimsomea, na mimi nilikuwa ninatafuta udhuru. Alinisamehe kosa ambalo sikulifanya. Usiku ule sikulala nyumbani kwa mdogo wangu. Wifi alinibembeleza, nikachukua chumba gesti.

Niseme mapema ili msiwe na wasiwasi: jicho lilipasuliwa Mbeya, nilimshika mkono hadi mlangoni, na sasa anaona hadi punje ya mchele iliyoanguka chini ya meza yangu, na ananitajia. La pili linafuata. Lakini jicho halikuwa hasira yangu yote, wala halijaimaliza.

Tuliondoka Iringa asubuhi. Mama hakuwa amewahi kupita Mafinga maisha yake yote. Alikaa mbele, mkoba wake mapajani, kuku mmoja miguuni ambaye hakukubali kumwacha, na plasta ile bado juu ya nyusi kwa sababu alisema wale wa Mbeya wataihitaji. Tulipita Ifunda, akauliza, "Hapa ni wapi?" Nikamwambia. Tulipita Mafinga, akasikia harufu ya mbao, akasema, "Tumekaribia." Nikasema bado.

"Bado?"

"Bado, mama."

Nyororo aliuliza. Makambako aliuliza, akafunga dirisha kwa sababu ya upepo, akala yai na viazi alivyofungiwa na wifi, akalala, akaamka, tukawa tumesimama nyuma ya malori.

"Tumefika?"

"Tuko Makambako bado."

"Si ulisema Makambako wakati nakula?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo hiyo hiyo."

Igawa akauliza. Chimala hakuuliza, ila nilimwona ameacha kuegemea kiti. Alikuwa amekaa wima, kichwa amekiinamisha upande wa dirisha, anasikiliza. Haoni, lakini anasikia: malori yanavyokuja moja baada ya jingine, gari letu linavyoyumba kila linapopishana nayo, gia ninavyozishusha na kuzipandisha, ninavyosonya. Tulipokuwa tunaikaribia Igurusi alisema, "Simama."

Nilidhani anataka kujisaidia. Nikaegesha pembeni. Hakushuka.

"Jana ulipita huku?"

"Ndiyo."

"Kote huku?"

"Kote huku, mama. Na hapa bado hatujafika."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Lori likapita, gari likatikisika, kuku akapiga kelele. Mama akaweka mkono juu ya dashibodi kama anayetaka kuituliza.

"Na mimi nikakaa pale," akasema polepole, "nawaambia watu mwanangu ana kazi nyingi." Akaondoa mkono kwenye dashibodi. "Mpigie mdogo wako."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikamshikisha simu. Mdogo wangu alipokea haraka, kwa sauti ya uchangamfu, ya mtu anayetumaini mambo yameisha.

"Mama, kamwene! Mmefika?"

"Tangu asubuhi niko njiani," akasema mama. "Nimekula, nimelala, nimeamka, niko njiani. Wewe uliniambia dada yako anamalizia kazi."

"Mama, lakini simu ndiyo ilisema..."

"Simu ilisema dakika. Kazi ulisema wewe."

Mama hajui kukata simu, hajawahi kujifunza, huwa anaishusha tu. Akaishusha mapajani mwake, uso wa kioo ukiangalia juu, na sauti ya mdogo wangu ikaendelea kutoka kwenye kitenge chake, mama, mama, unanisikia mama.

"Endesha," akaniambia.

Nikarudisha gari barabarani, nyuma ya tangi la mafuta. Sikuikata simu. Nilimwacha asikilize malori.